Msamaha ni wa kila aliyetubu, huduma ya watoto si ya kila aliyetubu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Wakristo wenzangu, hasa wazee wa kanisa, wachungaji na mapadre, kuhusu jambo ambalo hutufikia mara kwa mara na ambalo mara nyingi tunaliamua kwa haraka kuliko linavyostahili. Mtu mwenye historia mbaya ametubu, tumempokea, kisha anaomba kutumika. Tumpe huduma ipi, lini, na chini ya uangalizi wa nani?

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja mkoani Morogoro, na kabla ya hapo nilifundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Siandiki kupinga msamaha. Tunaye kijana aliyefungwa kwa wizi wa pikipiki, na alipotoka gerezani jumuiya yake ilimchangia mtaji wa kuanza biashara ya mitumba. Leo yeye ndiye anayefika kanisani alfajiri kufunga spika na kupanga vyombo vya kwaya. Tulipotaka kumweka katika zamu ya kuhesabu sadaka, mwenyewe aliwaomba wazee wamwache kwanza, watu wamzoee. Hakuna aliyemdai maneno hayo, na kwangu yalionyesha toba kuliko ushuhuda wowote nilioupata kuusikia madhabahuni.

Ninachopinga ni kuwapima wote kwa kipimo kimoja. Aliyeiba, aliyekuwa mlevi, aliyetumia dawa za kulevya au aliyepigana baa akamjeruhi mtu anaweza kurudishiwa dhamana hatua kwa hatua, kwa kadiri mwenendo wake unavyoonekana. Lakini mtu aliyemdhuru mtoto kingono asikabidhiwe watoto tena, hata awe ametubu kwa machozi, hata iwe imepita miaka ishirini. Ana nafasi ya kusali nasi, kushiriki Meza ya Bwana, kutembelewa akiugua na kuzikwa kwa heshima akifa. Anaweza hata kutumika katika kazi zisizomkutanisha na watoto, huku viongozi wakijua na wakimwangalia. Darasa la watoto si sehemu ya msamaha aliopewa, na wanaomnyima darasa hilo hawajamhukumu mara ya pili.

Najua jibu linalotolewa, kwa kuwa nimelisikia vikaoni: “Mungu amemsamehe, sisi ni nani?” Ndugu zangu, tuisome sura ya 18 ya Injili ya Mathayo yote. Humo ndimo Petro anapoambiwa asamehe hata saba mara sabini, na humo humo, kabla ya hapo, ndimo Bwana anaposema kwamba amkoseshaye mmoja wa wadogo hawa ingemfaa zaidi afungiwe jiwe la kusagia shingoni na kutoswa baharini. Aliyeyasema hayo mawili ni mmoja, na hakuna aliyetupa ruhusa ya kuhubiri la pili nusu sauti. Hata Saulo, aliyekuwa akiwatesa Wakristo, alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi walimwogopa, na kitabu cha Matendo hakiwalaumu kwa hofu hiyo. Alihitaji Barnaba, mtu aliyezijua habari zake, asimame mbele ya mitume na kueleza yaliyotokea njiani na jinsi alivyokwisha kuhubiri Dameski.

Sisi Barnaba wetu ni nani? Muumini anapohamia kwetu huja na barua ya utambulisho, nayo hutuambia kwamba amebatizwa, amepata kipaimara, amefunga ndoa kanisani na hadaiwi michango. Kuhusu mwenendo wake kati ya watoto wa usharika anakotoka, haisemi kitu. Mtu anaweza kuondolewa kimyakimya katika darasa la Jumapili la mji mmoja, akapewa barua safi, na baada ya miezi michache akawa anawafundisha watoto nyimbo za Krismasi katika mji mwingine, huku viongozi waliomwondoa wakiamini kwamba wamelimaliza tatizo kwa upole. Wamelihamisha tu, na wamewapelekea watu wasiojua lolote.

Katika baadhi ya makanisa yetu kuna pia suala la ushuhuda. Mtu akisimama na kueleza jinsi alivyokuwa jambazi au mvuta unga, kanisa zima hulipuka kwa vigelegele, na si ajabu baada ya muda mfupi kumwona ameshika kipaza sauti, ameitwa mtumishi na amepewa kundi la vijana la kulilea. Ushuhuda ni neno la mtu juu yake mwenyewe. Ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya kipindi cha kumtazama mtu akiwa nyumbani, kazini na katika jumuiya yake.

Nataka wazee wenzangu waangalie tunavyoitunza sadaka. Ibada ikiisha, vikapu huingizwa ofisini, watu wasiopungua watatu huketi kuhesabu mbele ya mhasibu, kiasi huandikwa kwenye daftari, kila mmoja huweka sahihi, na hakuna anayeruhusiwa kubaki peke yake na fedha, hata awe mtu mwaminifu kiasi gani. Hatuoni kwamba tumemtukana mtu. Wakati huohuo, nyuma ya kanisa, watoto arobaini wako na kijana mmoja ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa ili kelele zao zisiingie ibadani. Mazoezi ya kwaya ya watoto huisha jioni, na yule anayewarudisha nyumbani kwa bodaboda hatujawahi kumuuliza anakaa wapi. Kambi ya likizo huwalaza mabinti katika madarasa ya shule ya jirani, na orodha ya walezi huandaliwa siku ya safari. Watoto tunawalinda kwa taratibu hafifu kuliko tunavyolinda noti za shilingi elfu mbili.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto wa namna hiyo wamo madarasani mwetu kila Jumapili. Nimeshuhudia binti akiitwa mbele ya wazee, akiwa bado amevaa sare ya shule, aambiwe ampe mkono mtu aliyemdhuru na atamke kwamba amemsamehe. Alitamka akiangalia sakafu. Mama yake alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, akiwa ameshaahidiwa fedha za matibabu, na kikao kikafungwa kwa sala. Hakuna mzee mwenye mamlaka ya kumdai mtoto msamaha, wala wa kuutoa kwa niaba yake.

Tena jambo la namna hiyo si letu kulimaliza. Kesi ya jinai huandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na si mama wa mtoto wala baraza la kanisa dhidi yake. Tangu mabadiliko ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, adhabu ya ubakaji huanzia miaka 30 gerezani, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na ipo namba 116 ya kupiga bila malipo. Mchungaji au mzee anayezijua njia hizo akachagua kikao cha siri amemwacha mtoto peke yake.

Wapo wanaohofia kwamba tukianza kuulizana historia tutafungua mlango wa fitina, na hofu hiyo ina msingi, kwa maana watu wamewahi kuchafuliwa kwa wivu wa uongozi au ugomvi wa kiwanja. Ndiyo sababu nataka utaratibu badala ya minong’ono. Watu wawili au watatu wanaoaminika, mmoja wao awe mwanamke, wamsikilize mwombaji faraghani, wapige simu kwa viongozi wa alikotoka, waandike walichoambiwa na kukitunza chini ya ufunguo, na kisitangazwe kamwe madhabahuni. Cheti cha polisi cha tabia njema kinaweza kuombwa, ila kisitutulize, kwa kuwa wengi waliodhuru watoto hawajawahi kufikishwa mahakamani. Kwa sababu hiyo hiyo masharti yawe ya wote: mwana wa mchungaji, mwalimu wa kwaya mwenye sauti nzuri na mzee kama mimi tupitie mlango uleule, tuwe wawili darasani kila wakati, mlango ukiwa wazi.

Ninaziomba dayosisi, majimbo na makanisa ya kiroho yaongeze katika barua ya utambulisho sehemu moja inayomlazimu kiongozi kueleza, kwa sahihi yake, kama muumini huyo aliwahi kuondolewa katika huduma ya watoto na kwa sababu gani. Sisi hapa tutakutana kabla ya mwisho wa mwaka kuwapanga walimu wa shule ya Jumapili, na nitapeleka hoja hiyo katika baraza letu la wazee pamoja na ile ya walimu wawili kwa kila darasa.

Mzee wa Kanisa,
Morogoro