Shukrani zetu, Muheza na Gerezani

Familia ya marehemu iliyoko Muheza, pamoja na sisi tuliofanya naye kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji pale Gerezani, Dar es Salaam, tunawashukuru nyote mlioshirikiana nasi kwa hali na mali tangu kijana wetu alipolazwa mpaka tulipompumzisha. Arobaini imeshapita, tunajua tumechelewa. Salamu hizi zilikuwa za baba yake mdogo kuziandika. Zilimshinda, akanipigia simu: "Kaka, wewe ndiye uliyekaa naye meza moja miaka minne. Andika wewe, mimi nitakuletea majina." Majina aliyoleta yalijaza kurasa mbili, mengine kayarudia, kwa hiyo mtuwie radhi tukiwataja kwa makundi.

Tuanze na mliotoa damu.

Kijana wetu alizaliwa na selimundu na hakuwahi kuificha. Siku ya kwanza kazini alikuja na chupa ya maji ya lita moja na nusu na sweta, Februari, Dar es Salaam. Tulimcheka. Chumba cha kompyuta kina kiyoyozi, na kwake baridi ilikuwa mwanzo wa maumivu ya kumlaza wiki nzima. Saa ya chai akatueleza: "Chembe nyekundu za damu yenu zinaishi siku 120 hivi. Zangu zinajikunja kama mundu, na siku 10 mpaka 20 zimekwisha. Ni kama wino uliochakachuliwa." Akasema karithi kwa baba na mama, nusu kwa nusu, wote wawili wazima wa afya, na hakuna aliyemroga mtu. Hilo la mwisho alilirudia kwa kila mfanyakazi mpya, maana mama yake alisemwa sana kwa ajili yake.

Kisha akanunua kaunta buku. Akapiga mistari kwa rula: jina, kundi la damu, tarehe ya mwisho kuchangia. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake minne. Zamu yako ikifika hakukuhubiria. Ulikuta tu soda mezani kwako asubuhi. Mimi naogopa sindano, na niseme ukweli, nilizinywa soda tatu kabla sijakwenda. Hakuniuliza hata mara moja.

Hali ilipobadilika, simu tulizipiga kwa kufuata daftari lile lile. Mlikuja. Alikuja na dereva wa bajaji wa pale nje, ambaye jina lake halikuwamo daftarini. Alichokumbuka ni kwamba kijana alimtengenezea kadi za mchango wa harusi asimdai hela ya usanifu. Na wewe dada wa mama lishe uliyerudishwa kwa kuwa kilo zako hazikufika 50, ukaondoka bila kuaga, ukarudi jioni na mdogo wako wa kiume, wewe tunakushukuru mara mbili.

Wauguzi wa wodi, hasa wa zamu ya usiku, mlimwita kwa jina lake na si kwa namba ya kitanda. Mama yake ametuagiza tuliandike hilo.

Kwa miaka minne yeye ndiye aliyesahihisha ratiba za misiba ya watu. Majina aliyasoma kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, akisema ukianzia juu jicho linapitiliza makosa. Usiku ule tulichapa yake. Gilotini ilikata karatasi za mwisho saa nane, tukapanda basi. Tulipofika Segera ndipo baba mdogo akasoma na kukuta tumemwandika "mjomba". Akacheka. Akasema, "Angekuwepo mwenyewe, hii isingetoka." Basi zima likacheka, kisha hakuna aliyesema neno mpaka Muheza. Tunakuomba radhi, baba mdogo, safari hii kwa maandishi yaliyosomwa kuanzia mwisho.

Padre na waumini wa Magila, wanakwaya, vijana mliochimba kaburi huku mvua ikinyesha, akina mama mliopika kwa kuni mbichi na moshi wote ule: asanteni sana. Mwenye basi aliyekataa nauli ya kurudi, Mungu akuzidishie. Tusiwasahau wateja wetu, hususan maharusi wawili ambao kadi zao zilichelewa wiki nzima. Badala ya kutugombeza walileta rambirambi.

Michango ilizidi gharama za msiba. Familia imekaa na kukubaliana kwamba kilichobaki kilipie bima ya afya ya mdogo wake wa kike, ambaye naye ana selimundu. Stakabadhi zote anazo baba mdogo. Anayetaka kuziona anakaribishwa.

Na daftari lipo, droo ya juu ya meza yake, chini ya vitabu vya risiti. Wanaume mliochangia wiki ile, miezi mitatu inatimia mwezi ujao. Wanawake, mwezi unaofuata. Soda tumeshanunua.