Kwa walimu wa darasa la kwanza: huyo mtoto hasomi, anakariri

Wanangu walimu wa darasa la kwanza na la pili, salamu nyingi.

Nimetoka kwenye siku ya wazazi ya shule moja nimekereka. Binti mmoja alisimamishwa mbele, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, vigelegele vikapigwa. Baadaye nikamwita pembeni, nikaandika maneno yaleyale kwenye karatasi, ila nimeyapangua. Kimya. Kwenye "kuku" akasema "jogoo", maana kitabuni kachorwa jogoo.

Nani kamfanyia hivi? Kiitikio! Mwalimu anachapa ubao kwa fimbo, darasa linaitika "ba, be, bi, bo, bu". Silabi sizikatai, zinatufaa sana. Lakini mwonyeshe mtoto "bo" peke yake uone: ataanza kuimba kutoka "ba" mpaka aifikie. Huo ni wimbo. Sauti ya b, wala ya herufi nyingine, hajawahi kuisikia ikiwa peke yake, kwa hiyo akikutana na "mbwa" au "nywele" anabaki kukodoa macho.

Na hatuna kisingizio. Watafiti waliolinganisha Kiingereza na lugha nyingine 12 za Ulaya walitoa matokeo 2003: watoto wa Ufini, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walimaliza darasa la kwanza wakisoma karibu kila neno rahisi. Wa Kiingereza, kama theluthi tu. Kiswahili kiko upande wa Wafini, irabu tano zisizobadilika, halafu sisi tunafundisha kubahatisha!

Fanyeni hivi. Tungeni maneno yasiyokuwepo, "tufi", "nyolo", "ng'ope", mtoto ayasome. Hapo hakuna picha wala kumbukumbu ya kumwokoa. Uingereza wanawapima watoto wao hivyo tangu 2012: maneno 40, nusu yake ya kubuni.

Mengine mnayajua. Sauti ya herufi itangulie jina lake. Imla kila siku, hata maneno matano. Hadithi wasomeeni, wapate hamu. Asiyeona ubao akae mbele.

Mkipuuza, deni halionekani leo. Linakuja darasa la tano, mtoto anafeli hesabu za maneno wakati kujumlisha anajua, kwa sababu akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Kisha kidato cha kwanza, masomo kwa Kiingereza, na hapo mnasema mtoto mzito.

Lakini lawama si zenu peke yenu, wanangu. Mnapewa watoto mia chumba kimoja. Mwalimu hodari anapelekwa darasa la saba kwa ajili ya mtihani wa taifa, darasa la kwanza anaachiwa mgeni au aliyeudhi ofisi. Nanyi wazazi mnalipia basi la njano na "ei, bi, si", hamuulizi kama mtoto anaweza kusoma kibao cha duka.

Basi kesho punguzeni kuimba. Akija mkaguzi, sijui siku hizi mnamwita mthibiti ubora, akauliza mbona darasa limepoa, mpeni madaftari ya imla.