Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ramani za Setilaiti na Mashamba Yetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi naanza na ramani za setilaiti, maana ndizo zilizozua maswali mengi mwaka huu.

Picha tunazotumia ni za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya. Hazilipiwi, na pikseli moja, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10. Kila aina ya mwanga hurekodiwa katika bendi yake. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu (bendi ya 4) na kurudisha kwa wingi infraredi ya karibu, mwanga tusiouona kwa macho (bendi ya 8). NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, ni bendi ya 8 kutoa ya 4, kisha ugawanye kwa jumla ya hizo mbili.

Kosa lililotusumbua zaidi lilikuwa hapo kwenye kutoa na kugawanya. Picha zilizochakatwa kwa mfumo ulioanza tarehe 25 Januari 2022 zimeongezewa 1000 katika kila bendi, nayo lazima iondolewe kwanza. Chukueni pikseli yenye 5000 katika bendi ya 8 na 1500 katika bendi ya 4: usipoondoa unapata 0.54, ukiondoa 0.78. Ukiilinganisha hiyo 0.54 na picha ya 2021, shamba zima litaonekana linakauka, na bwana shamba atapanda mlima bure.

Vihambani, kwenye mashamba ya kahawa na migomba, tatizo ni jingine. Setilaiti hutazama kutoka juu, na juu kuna mgrivea, kisha mgomba, mbuni ukiwa chini kabisa. Kutu ya majani inaweza kupukutisha mibuni yote na ramani ikabaki kijani kibichi. Tena majani yakisongamana, NDVI hugota karibu na 0.9. NDRE, kipimo kama NDVI ila hutumia bendi ya 5 badala ya ya 4, huhimili zaidi, lakini pikseli za bendi hiyo ni mita 20: nusu ekari hupata kama tano tu, na za pembeni zimebeba migomba ya jirani. Kwa maoni yangu, kihamba bado kikaguliwe kwa miguu.

Faida iko tambarare, kwenye mahindi. Yakiwa machanga tumieni SAVI, yaani NDVI iliyorekebishwa kwa ajili ya udongo, yenye kigezo cha 0.5, kwani udongo mtupu huichezea NDVI. Kabla ya hesabu yoyote futeni mawingu na vivuli vyake, yaani namba 3, 8, 9 na 10 katika tabaka la uainishaji, linalokuja na picha na kueleza kila pikseli ni kitu gani. Na mahindi yakikomaa fahirisi, yaani vipimo hivi, hushuka zenyewe; huo si ugonjwa.

Ambao mipaka yao haijapimwa, wazunguke shamba na simu yenye GPS, wakitembea mita 10 ndani ya mpaka ili pikseli za jirani zisiingie, kisha wamkabidhi katibu vipimo kabla ya masika.