Zamu ya wikiendi redioni si adhabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu kijana aliyeandika katika ukurasa huu akiwashauri wenzake waliomaliza vyuo vya uandishi wa habari waikatae zamu ya wikiendi redioni, akidai ni kazi ya wanaoonewa. Kwamba wengi wanaonewa, nakubali, na nitalirudia hilo. Ila ushauri wake utawanyima ufundi ambao hawataupata Jumatatu hadi Ijumaa hata wakikaa kituoni miaka mitano.

Nimetangaza, kisha nikatayarisha vipindi, huku Kanda ya Ziwa, kwa hiyo nianze na ya kwetu. Tetemeko la ardhi la Kagera lilitokea Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa tisa alasiri na ushei, likiwa na ukubwa wa 5.9. Ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba Jumapili asubuhi, Novemba 6, 2022. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ilikuwa Jumamosi. Maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 3, 2023, Jumapili. Najua maafa hayasomi kalenda. MV Bukoba ilizama siku ya Jumanne. Ninachosema ni kwamba Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa, ofisa habari yuko ibadani au harusini na simu kaizima, mhariri mkuu kaenda kijijini kwao, na kituoni kabaki mtangazaji mmoja na fundi mitambo. Pengine hata fundi hayupo. Huyo mmoja ndiye redio nzima.

Chukua ile Jumapili ya Bukoba. Ndani ya ndege walikuwemo watu 43, na wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuokoa. Siku kama hiyo simu za wasikilizaji hazikomi: huyu anasema wote wametoka salama, yule anasema hakuna aliyepona, wa tatu anamtafuta shemeji yake. Hata taarifa za awali zilizotolewa zilitaja waliookolewa 26, kisha zikarekebishwa. Mwisho wa hesabu walikufa 19 na wakapona 24. Mtangazaji aliyezoea kusoma karatasi iliyopita mikononi mwa wahariri watatu atashika wapi hapo? Aliyepikwa na wikiendi anajua kusema, "Hadi saa hii tunachokijua ni hiki, na tumekipata kwa mtu aliyeko ufukweni," kisha akayaacha mengine. Anajua kutomtaja marehemu kwa jina kabla ndugu zake hawajaarifiwa. Na anajua kuinuka kwenda kwenye kompyuta kuziondoa nyimbo zilizopangwa tangu Ijumaa.

Hili la mwisho watu hulidharau. Kuna kituo kimoja, sitakitaja, nilikisikia watu wakiwa bado wanatolewa kwenye kifusi, nacho kinapiga tangazo la soda lenye vicheko, likifuatiwa na singeli. Hakuna aliyekusudia ubaya. Studio ilikuwa tupu tu, mashine inajiendesha. Mameneja wanaipenda mashine hiyo kwa sababu haidai nauli wala chakula cha mchana.

Wikiendi nyingi, tushukuru Mungu, hazina msiba. Zina mpira. Laini kutoka uwanja wa Kirumba inakatika dakika ya sabini, timu ya nyumbani iko nyuma kwa bao moja, na mtangazaji wa studio hajui kinachoendelea uwanjani zaidi ya anavyojua muuza karanga wa nje. Ajaze hewa dakika tatu, nne, sita, bila kudanganya, bila kurudia sentensi ileile, huku mkono mmoja uko kwenye simu akimtafuta mwandishi aliyeko jukwaani. Umeme unakatika, jenereta linagoma. Katikati ya hayo mzee anafika getini na tangazo la kifo, mazishi ni kesho saa saba, na majina ya wafiwa yameandikwa kwa penseli. Lazima yasomwe, na yasomwe sawasawa, maana ukikosea ukoo wa mtu hilo halitasahaulika. Siku za wiki kazi hizo hugawanywa kwa watu watano, na kila mmoja anajua kipande chake tu.

Halafu kuna msikilizaji mwenyewe. Asubuhi za siku za kazi anatusikiliza nusu sikio kwenye daladala. Jumapili redio iko jikoni, iko kwa fundi cherehani, iko kwa mlinzi na kwa mgonjwa wodini, na inawashwa mchana kutwa. Waliotaka kupindua serikali walilijua hilo mapema kuliko mameneja wetu: Zanzibar, Januari 12, 1964, na Nairobi, Agosti 1, 1982, zote zilikuwa Jumapili, na kote huko kituo cha redio kilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kutekwa.

Sasa uonevu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, na akifanya kazi katika mapumziko hayo analipwa mara mbili ya ujira wake wa saa. Kama ratiba imempa Jumanne kuwa siku yake ya kupumzika, basi Jumapili kwake ni siku ya kawaida, na hapo mwajiri hana deni. Lakini wapo wanaotoka Jumatatu hadi Jumapili bila kupumzika, na wapo wanaoitwa "wa kujitolea" mwaka wa tatu sasa, wakiachiwa kituo chenye mitambo ya mamilioni na kupewa elfu tano ya nauli. Hao wadai haki yao, nami nitakuwa upande wao. Kudai malipo ya zamu si sawa na kuikimbia zamu. Na mameneja wa vipindi wajipange nao angalau Jumapili moja kwa mwezi, wakae kwenye kiti kile wenyewe, wapokee simu.

Kijana atakayepangiwa wikiendi yake ya kwanza asiende na orodha ya nyimbo tu. Ijumaa kabla hawajatawanyika, aulize ni mhariri gani atakayepokea simu usiku wa manane, nani mwenye ruhusa ya kusitisha matangazo ya biashara, na ufunguo wa chumba cha jenereta uko kwa nani.

Wako,
Mtayarishaji wa vipindi mstaafu,
Mwanza