Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mazoezi ya kuogelea ya Jumamosi yaliendelea, semina ya waamuzi ilifanyika, fulana zimegawiwa. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Niseme la bwawa, maana limesemwa sana pembeni. Wapo wanaodai kwamba kuhamishia mashindano yetu kwenye bwawa fupi, la mita 25, ni kuyashusha hadhi. Uamuzi ule niliusukuma mimi na bado nausimamia. FINA, shirikisho la kuogelea la dunia ambalo sasa linaitwa World Aquatics, ilianza kutambua rekodi za dunia za bwawa fupi mwaka 1991, na Desemba 1993 mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Palma de Mallorca, Hispania. Yakaenda Rio de Janeiro 1995, Indianapolis 2004, Budapest 2024. Ni mchezo wenye ufundi wake. Mita 100 zina migeuko mitatu badala ya mmoja wa bwawa la mita 50, na kila baada ya ukuta, isipokuwa mtindo wa chura, unaruhusiwa kubaki chini ya maji hadi mita 15. Mwenye teke zuri la pomboo, yaani kupiga miguu yote miwili pamoja chini ya maji, hapo ndipo anapokuacha. Mita 100 za mitindo minne zinaogelewa kwenye bwawa fupi tu. Kwenye mita 50 ungebadili mtindo katikati ya maji.

Mmenilaumu pia kwa kukataa padi za kielektroniki, zile za ukutani zinazosimamisha saa mwogeleaji akizigusa. Kanuni inataka mita 25 kamili padi zikiwa ukutani. Ziada ya sentimita 1 inakubalika, upungufu haukubaliki hata kidogo. Tulipima ukuta hadi ukuta, tukapata 25.00. Padi ina unene wa sentimita 1 hivi. Ukiziweka pande zote mbili zinabaki 24.98, na katika mita 400 zimepungua sentimita 32. Muda wa namna hiyo ungekataliwa.

Ndiyo maana nikaagiza stopwochi, watunza muda watatu kila leni: saa mbili zikilingana, huo ndio muda, zikitofautiana zote, unachukuliwa wa katikati. Leni 6 zinataka watu 18. Mlifika 11! Leni tano zikawa na saa mbili mbili, tukatumia wastani. Ya sita ikabaki na saa moja, na kidole kikichelewa hapo hakuna wa kukisahihisha. Inaniuma, kwa sababu mtoto aliyeogelea leni hiyo alijituma kama wenzake.

Wanachama ni 64, waliolipa ada 23. Wengi wa waliopaza sauti kuhusu padi wamo katika wale 41.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutazungumza na wenye bwawa waone kama vigae na plasta ya upande mmoja vinaweza kuchongwa sentimita 2. Tunatumaini watatusikiliza.

Mwenyekiti