Maisha ya mbunge Diagne yasimuliwe yote

KWAKO MHARIRI,

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa Eastlands. Kila mwaka tunapofikia sura ya utawala wa Wafaransa nchini Senegal, wanafunzi wangu hukariri kwamba Blaise Diagne ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la Ufaransa, kisha tunafungua ukurasa mwingine. Naona tunamdhulumu mbunge huyo, na watoto wetu pia, kwa kuwa aliyoyatenda baada ya kuingia bungeni yanatugusa hata sisi wa Nairobi.

Diagne alizaliwa mwaka wa 1872 katika kisiwa cha Gorée, mwana wa mpishi, akalelewa na familia ya machotara iliyomsomesha. Alikuwa afisa wa forodha kwa zaidi ya miaka 20, akihamishwa kutoka koloni moja hadi jingine, Dahomey na Madagascar yakiwamo, kabla ya kurudi nyumbani na kushinda uchaguzi wa Mei 1914. Miezi mitatu baadaye vita vikuu vikazuka.

Ufaransa ilihitaji askari. Diagne naye alitaka haki za wapiga kura wake, wenyeji wa miji minne ya Saint-Louis, Dakar, Gorée na Rufisque, zisiendelee kutiliwa shaka na watawala. Alikubali vijana wao waende vitani, mradi sheria iandikwe. Sheria ya 1915 iliwaingiza katika jeshi la kawaida la Ufaransa, na ile ya Septemba 29, 1916 ikatamka kwamba wao na vizazi vyao ni raia wa Ufaransa, bila kulazimika kuacha sheria ya Kiislamu katika ndoa na mirathi.

Nikiisoma sheria hiyo huikumbuka Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hivyo hivyo. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Hawakuwa na Mwafrika wa kuwasemea katika baraza la kutunga sheria, kwani Eliud Mathu, wa kwanza kuingia humo, aliteuliwa mwaka wa 1944. Waliorudi wazima walivishwa shingoni kipande, kitambulisho cha lazima cha wakoloni. Pale kwenye sanamu tatu za shaba za Kenyatta Avenue, maandishi yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nilipowapeleka wanafunzi huko, msichana mmoja alifuata maneno ya Kiswahili kwa kidole, akaniuliza: "Mwalimu, na wao walipewa nini?"

Hata hivyo, nisimfiche Diagne upande wake wa pili. Mwaka wa 1918, kwa agizo la Waziri Mkuu Clemenceau, alizunguka Afrika Magharibi akaandikisha zaidi ya vijana 60,000. Wengi walitoka bara, nje ya ile miji minne, kwa hiyo sheria ya 1916 haikuwahusu, na mengi waliyoahidiwa hawakuyaona. Mwaka wa 1930 alisimama Geneva, katika mkutano wa kimataifa wa kazi, kuitetea Ufaransa kuhusu shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Naumia kuliandika hilo juu ya mtu ninayemheshimu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alifariki mwaka wa 1934 akiwa bado mbunge. Watu wa bara walisubiri uraia hadi Mei 1946, kwa sheria iliyoitwa jina la mbunge mwingine wa Senegal, Lamine Guèye.

Naliomba gazeti lako, katika kurasa za wanafunzi, limsimulie Diagne kutoka Gorée hadi Geneva bila kuruka mwaka wa 1930, na kando yake lichapishe picha ya mnara wa Kenyatta Avenue, maandishi ya Kiswahili yakisomeka. Nitaubandika ukurasa huo darasani.

Mwalimu wa Historia,
Eastlands, Nairobi