Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi ramani

Yah: Kukumbushia ramani ya chini

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Natumaini u mzima, na ile suruali ya kaki uliyokuja nayo hapa Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, imefuliwa ikatakata. Vumbi la grafaiti halitoki kirahisi.

Sitaandika jina lako. Unajijua, na tuliokuwepo siku ile chini ya turubai tunakujua. Ulisema tukupe miezi sita, utuletee ramani ya mashimo yetu yanavyopitana huko chini. Nilikuwa mstari wa tatu, nikapiga makofi. Huu ni mwezi wa ishirini na mbili, na mikono ileile Jumanne iliyopita imempokea mdogo wangu mdomoni mwa shimo, mweusi, kalegea kama gunia la mkaa lililofunguka.

Walikuwa sita chini, wanataka kula. Jirani wa upande wa pili akalipua. Hakutoa taarifa, na hata angetaka, angempa nani, wakati hajui amefika chini ya kiwanja cha nani? Moshi wa baruti ukapenya kwenye tundu ambalo asubuhi halikuwepo. Wanne walipanda wenyewe. Mdogo wangu na kijana mwingine walivutwa kwa winchi. Yuko hai, nashukuru Mungu, ila usiku anakohoa mpaka watoto wa jirani wanaamka, na ukimwita kwa kushoto hageuki. Dawa nanunua mimi, kwa pesa ya kuuza mihogo. Apolo, yaani mchimbaji wa kawaida, hana mshahara, Mheshimiwa: anakula chakula cha mgodi na kusubiri mgao jiwe likitoka. Jiwe halijatoka.

Nikukumbushe palivyo, maana wewe uliishia kwenye turubai. Viwanja vyetu vimepimwa juu, mita hamsini kwa hamsini. Mkanda wa mawe haukusoma leseni ya mtu. Umelala mshazari, unaingia kwa jirani, nasi tunaufuata kwa kamba na ngazi mamia ya mita, mpaka joto linakuvua shati. Kule chini ni mji. Kuna njia panda, kuna pa kupumzikia, kuna vichochoro anavyopita kijana mwembamba tu, wale tuliokuwa tukiwaita nyoka. Tukikutana na wa upande wa pili, ndiyo mtobozano: ngumi, mawe, wakati mwingine moshi wa makusudi. Mtu anafia chini, kisha juu watu wanabishana alifia kwa nani.

Ukuta unaozunguka machimbo nausifu. Kilomita 24.5, jeshi likaujenga kwa miezi michache, ukazinduliwa 2018. Tangu hapo ukitoka getini unapekuliwa mpaka soksi. Jiwe halipotei. Watu ndio tunapotea, tena ndani ya ukuta.

Na si kwamba hatukuonywa. 1998, mvua za El Niño. Machi 2008, mvua tena, makumi wakafa mashimoni. Mwaka ule mimi nilipona kwa sababu nilikuwa nimelala na malaria. Sina cheti cha jiolojia, lakini naamini baadhi yao wangefikiwa kama waokoaji wangejua shimo lipi limetobokea wapi. Tulikuwa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe, kila mtu anachora kwa kijiti mchangani.

2020 mchimbaji mwenzetu Saniniu Laizer alipopata mawe yake mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27, Rais alimpigia simu hadharani. Sina kinyongo naye, kavuja jasho. Ila nimeweka simu ya mdogo wangu mezani tangu Jumanne, na chaji naijaza, isije ikasemwa tulikuwa hatupatikani.

Nilikuwa nataka kukuomba ving'ora, mitungi ya hewa, fidia, na ratiba ya kulipua inayofuatwa na kila mgodi. Nimefuta. Naomba ramani tu. Ile uliyoisema. Nilipokuja ofisini kwako kuiulizia niliambiwa inafanyiwa kazi, nikapewa kiti, nikakaa hadi saa tisa.

Basi mtume mpimaji mmoja. Mmoja tu, na futi yake. Kofia tutampa, taa tutampa, chakula atakula chetu. Nitashuka naye mwenyewe, magoti haya haya.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Apolo wa zamani, Mirerani

Mwambie avae viatu vigumu. Ngazi ya tatu imelegea.